Skripti za kisoma skrini: uandikie JAWS, NVDA au Orca?

Ukitumia kompyuta bila kuona, huchukui muda kukutana na programu ambayo kila ukipiga Tab unasikia "kitufe", "kitufe", "kitufe", basi. Aliyeitengeneza hakuweka majina, ukimwandikia hajibu, na kazi inakusubiri. Hapo ndipo wengi wetu wameanzia kuandika skripti: mistari michache ya kukifahamisha kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichoko kwenye skrini, kwamba hiki ni kitufe cha Tuma na kile ni cha Hifadhi, au ya kukiamuru kisome salio lililojificha chini ya dirisha kila unapobonyeza vitufe fulani. Ikikubali kwako, mwenzako anaiomba. Kesho yake anaiomba mtu usiyemjua kabisa.

Watu wanaotaka kuanza huuliza waanze na kisoma skrini kipi kati ya JAWS, NVDA na Orca, na mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki. Mimi naona kuna maswali mawili yanayopaswa kutangulia: nani atakayeitumia skripti hiyo mbali na wewe, na nani atakayeirekebisha programu ikibadilika? Ukishayajibu, ugumu wa lugha huwa jambo dogo.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba unahitaji skripti kweli. JAWS ina kifaa cha kuzipa picha majina, Insert pamoja na G, ina lebo za kujiwekea kwenye kurasa za wavuti, na ina kamusi ya matamshi. NVDA ina kamusi za matamshi pia, na ina dirisha la kubadilisha vitufe vya amri zake. Nimeona watu wakihangaika na msimbo kwa tatizo ambalo mstari mmoja wa kamusi ungelimaliza.

Mambo ya kupima

Nitavipima visoma skrini vitatu kwa mambo sita. La kwanza ni lugha: ujue nini kabla mstari wa kwanza haujafanya kazi. La pili ni mazingira ya kuandikia, hasa kama kosa likitokea utalisikia. La tatu ni kina, yaani skripti inafika wapi ndani ya programu nyingine. La nne ni kugawana na wenzako, la tano ni uhai wa kazi yako matoleo mapya yanapokuja, na la sita ni usalama wa anayepokea. Mambo haya hayana uzito sawa. Kwa anayejiandikia peke yake, la nne halina maana. Kwa anayeandikia ofisi nzima, la tano na la sita ndiyo yanayoamua.

Lugha

JAWS ilianzishwa na Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Toleo lake la Windows lilitoka mwaka 1995, na skripti zimekuwa nguzo yake tangu zamani. Lugha yake ni ya kwake peke yake, hutaikuta mahali pengine. Inaonekana hivi:

Script SomaHali ()
SayString ("Ujumbe umetumwa")
EndScript

Kila kinachofunguliwa hufungwa kwa neno: EndScript, EndIf, EndWhile. Haijali herufi kubwa wala ndogo, na haijali nafasi mwanzoni mwa mstari. Kwa anayesoma msimbo kwa masikio au kwa nukta nundu, hili si jambo dogo, kwa sababu muundo wote unasikika katika maneno yenyewe.

NVDA ilianzishwa na Michael Curran nchini Australia mwaka 2006, na imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa Python. Nyongeza zake, ndilo jina la skripti upande wa NVDA, nazo huandikwa kwa Python, ambayo inatumika kila mahali, kwa hiyo ukijifunza hapa umepata ujuzi unaoweza kukupa kazi nyingine. Lakini Python hutambua muundo kwa nafasi za mwanzo wa mstari. Nafasi moja ikizidi, programu inakataa. Suluhisho lipo: washa taarifa ya nafasi za mstari katika mipangilio ya NVDA, kwa maneno au kwa mlio unaopanda na kushuka. Huo mlio ndio ninaoupendelea, maana sikio huuzoea haraka na hauingiliani na maneno unayosikiliza.

Orca, kisoma skrini cha mazingira ya GNOME kwenye Linux, nayo ni Python. Hapo hakuna la kuongeza.

Kuandika na kurekebisha bila kuona

Kwenye JAWS kila kitu kiko chumba kimoja. Ukiwa ndani ya programu inayokusumbua, bonyeza Insert na sufuri. Kihariri cha skripti kitafunguka kikiwa tayari kwenye faili la programu hiyo. Unaandika, unapiga Control na S, kihariri kinahifadhi na kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa faili ambalo JAWS inaweza kuliendesha, papo hapo. Kama umekosea sarufi ya lugha, unaambiwa na kishale kinawekwa karibu na kosa. Ukiita kitu kisichokuwepo, JAWS yenyewe inakutamkia jina la kitu hicho wakati skripti inaendeshwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika msimbo, mapokezi haya yana ukarimu ambao sijauona penginepo.

NVDA haina kihariri chake. Unachagua unachopenda, hata Notepad ya kawaida. Unawasha folda ya majaribio katika mipangilio ya hali ya juu, unaweka faili lako humo, kisha kubonyeza kitufe kinachoitwa NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na Control na F3 hupakia upya bila kuzima chochote. Kukompaili hakupo. Kosa likitokea huandikwa kwenye kumbukumbu ya matukio (log), ambayo unaifungua kwa NVDA na F1, na hapo utakuta pia maelezo ya kitu ulichokuwa umesimama juu yake. Silaha kubwa, kwa maoni yangu, ni koni ya Python, dirisha la kuandika amri moja moja na kujibiwa papo hapo: simama kwenye kitufe kisicho na jina, bonyeza NVDA, Control na Z, kisha andika focus.windowControlID. Namba ya kitufe inasomwa. Andika focus.role, unaambiwa aina yake. Unaihoji programu swali moja baada ya jingine na inakujibu. Anayependa kuchimba atapapenda hapa kuliko kwenye JAWS. Anayetaka kushikwa mkono atapotea siku za mwanzo.

Orca inakuachia faili moja tu kwenye folda yako ya nyumbani, orca-customizations.py, na uvumilivu wako. Mabadiliko makubwa zaidi yanamaanisha kugusa msimbo wa Orca wenyewe.

Inafika wapi

Turudi kwenye kitufe kisicho na jina. Tuseme programu inaitwa malipo.exe, na koni imekuambia kwamba kitufe cha kutuma ni namba 1004. Kwenye NVDA unaunda faili liitwalo malipo.py:

import appModuleHandler

class AppModule(appModuleHandler.AppModule):
    def event_NVDAObject_init(self, obj):
        if obj.windowControlID == 1004:
            obj.name = "Tuma"

Kuanzia hapo NVDA inakiona kitufe hicho kana kwamba kilizaliwa na jina. Ukikifikia kwa Tab, kwa kipanya au ukisoma kwa nukta nundu, ni "Tuma" kila mahali. Hujaiambia NVDA iseme neno. Umesahihisha taarifa yenyewe, na kila kinachotegemea taarifa hiyo kimesahihika.

JAWS inalifikia lengo hilohilo kwa mlango mwingine. Unatengeneza malipo.jss, ndani yake unaandika upya kipengele kinachotangaza kitu kilichopata kishale, unakagua namba ya kitufe, ikiwa 1004 unasema jina lako, isipokuwa hivyo unakiachia kipengele cha asili kifanye kazi yake. Mistari inaongezeka kidogo, na nukta nundu huenda ikahitaji kushughulikiwa kivyake. Lakini JAWS ina hazina kubwa ya vipengele vilivyokwisha kutengenezwa: kusoma maandishi yaliyochorwa kwenye dirisha, kutafuta rangi, kusogeza kipanya hadi neno fulani, kuzungumza na programu za ofisi kwa COM, njia ya Windows ya programu moja kuiamuru nyingine. Kwa programu kongwe za kazini ambazo hazijui lolote kuhusu ufikivu, hazina hiyo imeokoa ajira za watu, na ndiyo maana wapo wanaoishi kwa kuandikia kampuni skripti za JAWS.

NVDA nayo, kwa kuwa ni Python kamili, inaweza kufanya karibu chochote ambacho Python inafanya: kuvuta data kutoka intaneti, kuendesha sinthesaiza mpya ya sauti, kuunganisha kifaa cha nukta nundu kisichojulikana. Orca inaona kile ambacho programu za Linux zinakubali kuonyesha kupitia mfumo wa ufikivu wa AT-SPI. Programu isiposema lolote huko, skripti haina pa kushika.

Kugawana

Hapa tofauti ni kubwa, na hapa ndipo ningeomba msomaji atulie.

Skripti ya JAWS husafiri kama kifurushi cha mafaili: jss ya msimbo, jsb iliyokompailiwa, jkm ya vitufe, jsd ya maelezo, pengine na jcf ya mipangilio. Anayepokea huyaweka kwenye folda yake ya mipangilio ya JAWS, au mwandishi humtengenezea kisakinishi. Hakuna duka moja la pamoja, na skripti nyingi nzuri zimehama mkono kwa mkono. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba unaweza kutoa jsb peke yake na kuuficha msimbo, kwa hiyo soko la skripti za kulipia limekuwepo kwa muda mrefu. Leasey ni mfano unaojulikana.

Nyongeza ya NVDA ni faili moja lenye mwisho wa nvda-addon, ambalo kwa ndani ni zip tu: faili la manifest.ini linaloitambulisha nyongeza, msimbo, folda ya maelezo na folda ya tafsiri. Mpokeaji anabonyeza Enter juu yake, anakubali, imeisha. Tangu toleo la 2023.2 kuna Duka la Nyongeza ndani ya NVDA kwenyewe, la kutafutia, kusakinishia na kusasishia. NVDA iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na kwa desturi nyongeza hutoka na msimbo wazi, kwa hiyo mtu anaweza kufungua kazi yako, akaisoma, akaitafsiri, akairudisha imenenepa. NVDA Remote, ya kuongoza kompyuta nyingine kwa mbali, ilianza kama nyongeza iliyoandikwa na watumiaji. Toleo la 2025.1 limeuleta uwezo huo ndani ya NVDA. Jambo hilo linanifurahisha kila ninapolifikiria, kwa sababu watu walijitatulia shida yao na sasa kila anayesakinisha NVDA anapata matunda.

Orca haina duka. Ukiwa na kitu kizuri, unawapelekea wanaoitunza katika mradi wa GNOME, nao wakikubali kinamfikia kila mtu. Ni njia ndefu, ila kikishaingia kinakuwa cha wote.

Popote utakapoandika, usisahau maelezo ya kila amri. Kwenye JAWS yanakaa kwenye jsd, na mtu akiwasha msaada wa kibodi kwa Insert na 1 kisha akagusa vitufe vyako, ndiyo atakayoyasikia. Kwenye NVDA, amri isiyo na maelezo haitokei kabisa kwenye dirisha la Ishara za Kuingiza, kwa hiyo mwenzako hawezi kuibadilishia vitufe hata kama vinagongana na vyake. Na ukiandika ujumbe kwa Kiswahili, mkumbushe mpokeaji kuhusu sauti anayotumia: sauti ya Kiingereza huyavuruga maneno yetu, ilhali eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili.

Uhai wa kazi yako

Mwaka 2017 Window-Eyes, kisoma skrini kilichokuwa na skripti zake na jumuiya yake, kilisitishwa. Skripti zote zilizokuwa zimeandikwa kwa ajili yake zilibaki bila nyumba. Ni funzo kwa anayefikiria kuweka miaka ya kazi ndani ya bidhaa moja.

Kwa JAWS, lugha imebadilika polepole na skripti za zamani mara nyingi bado zinakompailika. Hatari iko pengine. Ukibadilisha faili la skripti lililokuja na JAWS, nakala yako inakaa kwenye folda yako na ndiyo inayopakiwa, faili la asili linafichwa. Toleo jipya likija na maboresho ya programu hiyo, wewe huyapati, na unaweza kulalamika mwezi mzima bila kujua kwamba kizuizi ni faili lako mwenyewe. Andika faili dogo linaloliita la asili kwa amri ya Use, usinakili zima.

NVDA ina utaratibu ulio wazi zaidi, wenye gharama yake. Toleo la kwanza la mwaka linaruhusiwa kuvunja mambo ya ndani. Manifest yako inataja toleo la mwisho ulilojaribu, na likipitwa na mabadiliko hayo, nyongeza huzimwa hadi uisasishe, ingawa mtumiaji anaweza kuilazimisha kwa hiari yake. Mwaka wa kuhama kutoka Python 2 kwenda 3, kwa toleo la 2019.3, nyongeza nyingi zililazimika kuandikwa upya na zilizokosa mtunzaji zikafa. Lakini msimbo ulikuwa wazi, hivyo baadhi zilichukuliwa na watu wengine. Jsb ambayo mwandishi wake ametoweka haina bahati hiyo.

Orca haiahidi kwamba mambo yake ya ndani yatabaki yalivyo. Faili lako la mabadiliko linaweza kuvunjika toleo lolote.

Usalama

Nyongeza ya NVDA ni programu kamili. Inaweza kusoma mafaili yako na kutuma kitu kwenye intaneti kwa mamlaka uliyo nayo wewe. Skripti ya JAWS nayo inaweza kuendesha programu nyingine. Faida ya msimbo wazi ni kwamba mtu anaweza kuukagua, si kwamba lazima kuna aliyeukagua. NVDA haipakii nyongeza kwenye skrini za usalama kama ile ya kuingilia Windows, isipokuwa msimamizi wa kompyuta amezinakili huko makusudi. Ofisi zinazojali hili huuliza maswali magumu, na zina haki. Kabla ya kusakinisha chochote kwenye kompyuta yenye data za watu, jua kimeandikwa na nani.

Njia ya nne

Kama programu inayokusumbua inaruhusu nyongeza ndani yake yenyewe, ikague njia hiyo kwanza. OSARA, iliyoanzishwa na James Teh, ni nyongeza ya REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Inaishi ndani ya REAPER, hivyo inawahudumia watumiaji wa NVDA, wa JAWS na wa VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, kwa kazi moja. Programu nyingi hazitoi nafasi hiyo, lakini inayotoa isikupite.

Ipi inamfaa nani

JAWS inamfaa anayefanya kazi mahali ambapo leseni yake tayari imelipiwa, kwenye programu za kazini zisizo na ufikivu, na anayeanza kabisa anayetaka kuandika na kusikia matokeo bila kuchagua zana. Haimfai anayetaka kuwafikia watu wasio na leseni: bila leseni JAWS hufanya kazi kwa dakika 40, kisha lazima uwashe upya kompyuta, na masharti ya matumizi hayo yasome kwanza.

NVDA inamfaa anayetaka kazi yake ienee, anayependa kusoma msimbo wa wengine, na anayetumia kompyuta za kuazima, maana unaweza kuibeba kwenye flashi pamoja na nyongeza zako zote. Inamdai utunzaji wa kila mwaka.

Orca inamfaa aliyekwisha kuchagua Linux. Sidhani kama kuna sababu ya kuhamia Linux kwa ajili ya skripti tu.

Kwa hali yako

Ukiwa na kitufe kimoja au viwili vya kukupa taabu na hutamgawia mtu, andika kwenye kisoma skrini unachotumia sasa na uendelee na kazi yako.

Ukiwa ofisini, wenzako wanatumia JAWS na programu ni ile ya ndani ya kampuni, andika ya JAWS, acha jss pamoja na jsb, na uandike mahali fulani ni nani atakayeirithi siku ukiondoka.

Ukitaka kusaidia wanafunzi au watu wengi usiowajua, NVDA ndiyo njia fupi ya kuwafikia. Peleka kwenye duka, weka maelezo kwa lugha yao, na ujibu wanapokuandikia.

Wenzako wakiwa wamegawanyika, nusu JAWS na nusu NVDA, anza na upande unaoumia zaidi. Ukiwa hapo, weka kando orodha ya namba za vitufe na majina yake katika faili la maandishi ya kawaida. Orodha hiyo ndiyo kazi ngumu, na mwenzako wa upande wa pili ataitumia jioni hiyohiyo.

Na ukiwa hujawahi kuandika mstari hata mmoja: chagua programu moja ndogo unayoitumia kila siku, kitufe kimoja, jina moja. Chini ya kisoma skrini chochote kati ya hivi vitatu, mwandikie aliyetengeneza programu pia. Akiweka lebo mwenyewe, futa skripti yako siku hiyo.